Bwawa la Grande Dixence, Uswisi: maji machache kuliko Mtera, umeme karibu sawa na Rufiji. Na mto wake mbona mkavu?

#1 Mlalo_Juu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mwezi wa tisa nilikuwa Uswisi kwa dada yangu. Shemeji akanipa gari, tukaifuata barabara kuu hadi Sion, mji mkuu wa mkoa wa Valais, halafu tukaanza kupanda. Niseme ukweli, sijawahi kuendesha njia nzuri vile. Chini kabisa ni mashamba ya mizabibu na vilima viwili vya mawe, kimoja kina kanisa na kingine kina magofu ya ngome. Unakata kona, unakata kona, mji unabaki chini yako. Unapita Vex, unapita Hérémence, nyumba za mbao zilizoungua na jua mpaka zimekuwa nyeusi, kila dirisha lina maua mekundu. Baada ya kijiji cha Pralong miti inapungua, mara ghafla mbele yako bonde zima limezibwa na ukuta.

Ukuta wenyewe una mita 285. Gari unaliacha pale Le Chargeur, mita 2141 juu ya bahari, na kutoka hapo hadi kilele cha ukuta unapanda na gari la kamba. Juu kuna ziwa la rangi ya maziwa yaliyotiwa kijani.

Maswali yangu ni mawili. Kibao pale kinasema ziwa likijaa lina maji mita za ujazo milioni 400. Bwawa letu la Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina bilioni 33, mara 80 na zaidi. Lakini mitambo ya Grande Dixence yote kwa pamoja inafika kama MW 2000, yetu MW 2115. Wanafanyaje?

La pili ndilo linaloniumiza. Chini ya ukuta ule nilisimama darajani kuangalia mto. Ni kijito. Mtoto wa darasa la tatu anavuka bila kuvua viatu. Yale maji yote yamekwenda wapi, na wale wanakijiji walikubalije?

#2 Kichwa_Maji

Uzi kama huu bila picha ni dhuluma mkuu. Weka picha.

#3 FundiTurbini

Mleta uzi, swali la kwanza linajibika kwa kalamu na karatasi.

Umeme wa maji unatokana na vitu viwili: maji kiasi gani, na yanaanguka kutoka juu kiasi gani. Sisi tumezoea kuangalia ukubwa wa ziwa na kusahau urefu wa anguko. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Ukiiangusha mita 1883, ambalo ndilo anguko la kituo cha Bieudron kinachotumia maji ya ziwa hilo, unapata yuniti 5 na kidogo. Toa kinachopotea njiani na kwenye mashine, unabaki na yuniti 4 na nusu hivi. Maji hayohayo ukiyaangusha mita 100 unapata robo yuniti.

Ukuta wa Rufiji una mita 131 na mitambo iko palepale chini yake, kwa hiyo anguko haliwezi kuzidi hapo. Sasa zidisha: milioni 400 mara 4 na nusu ni yuniti bilioni 1.8. Hicho ndicho kilichomo ndani ya lile ziwa ulilosimama juu yake.

Bieudron yenyewe ina turbini 3 tu, kila moja MW 423, jumla MW 1269. Ni za aina ya Pelton: gurudumu lenye vikombe pembeni, na maji yanapigwa kwenye vikombe kwa mkondo mwembamba. Kwa anguko lile mkondo unatoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Zilipoanza kazi hakukuwa na Pelton nyingine duniani yenye nguvu kuzidi zile. Rufiji huwezi kuweka Pelton, utaweka Francis, kwa sababu maji ni mengi na anguko ni fupi.

#4 Mtera_Mbuyuni

FundiTurbini hesabu yako ni sawa ila umeacha nusu ya jibu. MW siyo umeme wa mwaka. MW 2000 zikizunguka mwaka mzima bila kusimama zingetoa yuniti bilioni 17. Grande Dixence inatoa kama bilioni 2. Maana yake mitambo imelala muda mwingi sana wa mwaka.

Kwa nini wanunue mitambo mikubwa halafu wailaze? Kwa sababu wao hawauzi umeme tu, wanauza saa. Majira ya baridi, saa za jioni, Ulaya yote imewasha taa, bei inapanda, ndipo wanafungulia. Usiku wa manane bei ikishuka wanafunga. Rufiji ni mto unaoingia maji kila siku na nchi inausubiri kila siku. Usilinganishe.

#5 Bahati_wa_Bukavu

Jambo kwenu. Miye naishi Martigny, si mbali na hapo, na hiyo barabara naipanda na familia kila kiangazi.

Maji ya ziwa hayashuki kwenye bonde ulilopita. Yanaingia kwenye handaki, yanapita ndani ya mlima kwenda upande wa magharibi, yanatokea Nendaz na Bieudron, chini kabisa kwenye mto Rhône. Bonde la Hérens yanaliruka lote. Ndiyo sababu ulikuta kijito.

Lakini nikupe onyo, wewe na wengine mtakaokwenda. Kandokando ya mto Borgne, ndio mto wa bonde hilo, na vijito vyake kuna vibao vya njano vyenye picha ya mtu anakimbia maji. Usivipuuze. Mto unaonekana mkavu, jua linawaka, watoto wanataka kucheza kwenye mawe, na huko juu mtu anafungulia lango kusafisha mchanga. Maji yanakuja bila wingu hata moja mbinguni. Siye wa Ruzizi tumezoea mto unaonguruma kila siku, hivyo mto ulionyamaza tunauona salama. Yule si salama.

#6 Kichwa_Maji

Bahati asante. Sasa nimeogopa hata kwenda.

#7 Nyani_Mzee

Tuache fizikia kidogo. Mimi nimeendesha lori miaka mingi na swali langu ni barabara. Mnasifia barabara, hamwulizi aliijenga nani. Barabara nyingi zile nzuri za milimani Uswisi zimejengwa na mabwawa. Hakuna serikali inayopeleka lami kwenye kijiji cha wachunga ng'ombe juu ya mita 1500 kwa huruma. Walihitaji kupitisha saruji, wakajenga barabara, bwawa lilipokwisha barabara ikabaki kwa watalii. Sisi Kidatu ilikuwa hivyohivyo. Ukitaka barabara kijijini kwako, omba bwawa.

#8 Shangazi_Zuhra

Habari zenu. Naongeza ya udereva, maana wengi wanasoma kwa ajili ya safari.

Kwanza, kama mnapita barabara kuu lazima gari liwe na stika ya mwaka, faranga 40. Gari la kukodi la Uswisi mara nyingi tayari linayo, lakini hakikisheni.

Pili, basi la njano la posta. Lina honi ya sauti tatu inayosikika kabla hujaliona. Ukiisikia kwenye kona, punguza, tafuta pa kukaa. Kwenye njia za posta za mlimani dereva wa basi akikuelekeza urudi nyuma, unarudi, huo ndiyo utaratibu wa sheria. Na magari madogo yakikutana pembamba, anayeshuka ndiye anayempisha anayepanda, isipokuwa anayepanda yuko karibu zaidi na sehemu ya kupishana.

Tatu, kushuka. Aliyewahi kushuka Kitonga na gari lenye mzigo anajua. Tumia gia ndogo, breki gusa na uachie. Nilikuwa nyuma ya gari moja la wageni linashuka kutoka Pralong, taa za breki hazizimiki, harufu ya pedi inaingia mpaka ndani ya gari letu na vioo tumefunga. Walipofika Hérémence wakasimama, moshi unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Walikuwa na watoto wawili nyuma. Kwa kweli nilitetemeka.

Na mkipita msiache kuona piramidi za Euseigne, nguzo za udongo zenye jiwe kubwa kichwani kila moja, na barabara inapita kwenye tundu chini yake. Ziko njiani mkienda bwawani.

#9 Bahati_wa_Bukavu

Shangazi, Euseigne haiko njia ya bwawani. Baada ya Vex njia zinaachana: moja inakwenda Hérémence na bwawani, nyingine inakwenda Euseigne, Evolène, hadi Arolla. Piramidi ziko kwenye hiyo ya pili. Ila inafaa sana: pandeni bwawani asubuhi, mchana mpite Euseigne mpaka Evolène mkale.

Nyani_Mzee, na wewe. Saruji ya Grande Dixence haikupanda kwa barabara. Ilifika Sion kwa treni, ikapandishwa kwa ndoo za kamba angani mpaka juu. Mchanga na kokoto walivichimba kulekule milimani, Prafleuri, nyuma ya ukuta. Zege ni mita za ujazo milioni 6. Hakuna lori ambalo lingemaliza kazi hiyo kwa kona zile.

#10 Nyani_Mzee

Bahati, saruji sawa ilipita angani. Wafanyakazi maelfu walipita angani? Chakula chao? Mashine? Zege walianza kumwaga 1953 wakamaliza 1961, na miaka yote hiyo barabara ilikuwa inatumika na kupanuliwa. Hoja yangu iko palepale.

#11 Mjukuu_wa_Chifu

Tukubaliane jambo moja: huu mto umekufa. Mleta uzi kauliza walikubalije, na hakuna aliyejibu. Mimi nasema walikuwa maskini, wakaja watu wa mjini na mikataba, wakasaini. Historia ni ileile kila mahali duniani, milimani wanatoa maji, mjini wanapata mwanga. Leo tunakwenda kupiga picha na kusema pazuri. Pazuri kwa nani?

#12 Wakili_Msomi_TZ

Mjukuu, hapa nakukatalia kwa sheria.

Mkoani Valais mto Rhône ni mali ya mkoa, lakini mito ya mabondeni ni mali ya halmashauri za vijiji. Kampuni haiwezi kuchota tone bila kibali kutoka kwa kila kijiji ambacho maji yanapita. Sheria ya taifa ya nguvu za maji ni ya 1916, na ndani yake kuna mrabaha. Kiwango cha juu kwa sasa ni faranga 110 kwa kila kilowati ya nguvu ghafi, kila mwaka, mitambo ikizunguka isizunguke. Fedha inakwenda kwa mkoa na vijiji vyenyewe.

Kubwa kuliko hilo: kibali kina mwisho, kwa kawaida miaka 80. Kikiisha, ukuta, mahandaki, mabomba na turbini vinarudi kwa wenye mto bure. Bure kabisa. Jenereta na vifaa vya umeme ndivyo vinavyolipiwa kwa bei ya haki. Vibali vingi vya Valais vinafika mwisho kuanzia miaka ya 2030 na 2040. Wale wachunga ng'ombe unaowasikitikia, wajukuu wao watarithi Grande Dixence.

#13 Kilombero_Damu

Wakili umenigusa. Mimi ni mtu wa Kihansi.

Fundi alisema urefu wa anguko, na hapa kwetu tuna mfano wake: Kihansi anguko ni kama mita 850, MW 180, na kibwawa chenyewe kidogo ukilinganisha na Mtera. Tatizo likawa lilelile la mleta uzi. Maji yalipoingia kwenye handaki mwaka 2000, maporomoko yakakauka. Pale kwenye ukungu wa maporomoko alikuwa anaishi chura mdogo wa manjano, anayezaa watoto badala ya mayai, hayupo popote pengine duniani. Ikabidi wafunge mabomba ya kunyunyiza ukungu wa bandia kwenye majani, na vyura wengine wapelekwe kufugwa Marekani. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Baadaye waliozaliwa huko wakarudishwa.

Nimetembea kwenye yale majani mabomba yakiwa yanafanya kazi. Unasikia tu sauti ya matone kwenye plastiki, na mwamba ambao zamani mzee wangu alikuwa hawezi kuusogelea kwa kulowa.

Kwa hiyo ninapoona watu wanasifia mabwawa ya Uswisi nauliza: katika mto Borgne kulikuwa na nini kabla? Nani alikwenda kuhesabu? Mwaka 1950 hakuna aliyekuwa anahesabu vyura.

#14 FundiTurbini

Kilombero hoja nzito. Sheria yao ya sasa inataka kila mto ubakiziwe kiasi cha chini cha maji, lakini vibali vya zamani vilipewa nafuu mpaka vitakapoisha. Ndiyo maana unaona kijito na siyo mto.

#15 Wa_Embu

Natoka Kenya, upande wa mto Tana. Nimesoma #12 mara mbili. Nimekulia kwenye kijiji ambacho nyaya kubwa za umeme zinapita juu ya paa letu kutoka bwawani, na nyumbani nilisomea koroboi mpaka kidato cha nne. Sitaji kampuni. Nasema tu kwamba bibi yangu alikufa akiwa bado anauliza ile nguzo ni ya nani.

Kama kijiji cha Hérémence kingekuwa chetu, tungekuwa matajiri. Kwa hiyo mimi jibu langu kwa mleta uzi ni mrabaha. Hakuna siri nyingine.

#16 Mtera_Mbuyuni

Wa_Embu pole. Lakini siyo mrabaha peke yake. Zermatt na Verbier hawakutajirika kwa maji, wametajirika kwa watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Watalii walikuwa wanapanda Alps tangu karne ya 19, kabla ya ukuta wowote. Ukiondoa mabwawa leo Valais bado inakula. Ukiondoa watalii vijiji vingi vinahama.

#17 Bahati_wa_Bukavu

Evolène na Hérémence siyo Zermatt. Huko watalii ni wachache. Nendeni mkaone kanisa la Hérémence: zege tupu, pembe na kuta nene, lilifunguliwa 1971 badala ya lile lililoharibiwa na tetemeko la 1946. Kijiji kidogo cha mlimani kinajenga kanisa la namna ile. Mnadhani hela ilitoka wapi?

#18 Nyani_Mzee

Ilitoka kwenye bwawa. Ndicho ninachosema tangu #7.

#19 Siti_Mkunazini

Hamjambo. Mmezungumza mrabaha, watalii, barabara. Waliojenga hamjawataja.

Tarehe 30 Agosti 1965, bonde la Saas, mkoa huohuo, walikuwa wanajenga bwawa la Mattmark. Vibanda vya wafanyakazi vilikuwa chini ya barafu ya mlima Allalin. Jioni kipande cha barafu kikakatika, kikaanguka juu ya vibanda. Walikufa watu 88. Waitaliano walikuwa 56. Kesi ikaenda mahakamani, wote walioshtakiwa wakaachiwa huru, na familia zilizokata rufaa zikaamriwa kulipa nusu ya gharama.

Baba yangu alikuwa kibarua ughaibuni, Ghuba, kwenye majengo. Najua maana ya kulala kwenye kibanda ambacho mwenye kazi amekichagulia mahali. Kwa hiyo nikipita kwenye bonde zuri lenye ukuta, nauliza kwanza waliojenga walilala wapi. Pale Le Chargeur kuna jengo kubwa ambalo wafanyakazi waliliita Ritz, leo ni hoteli. Kibanda cha Prafleuri wanacholala wapanda milima nacho kilikuwa cha wafanyakazi. Na waliochimba mahandaki wengi walirudi kwao na vumbi la mawe kwenye mapafu.

#20 Kichwa_Maji

Dada Siti nimesoma nikatulia. Mungu awarehemu.

#21 Mpiga_Mbizi

Na usalama je? Ukuta ule ukipasuka Sion si inafutika? Nimesikia bwawa la Italia liliua watu 2000.

#22 FundiTurbini

Mpiga_Mbizi, unasema Vajont, tarehe 9 Oktoba 1963. Lakini ukuta wa Vajont haukupasuka. Una mita 261 na mpaka leo umesimama, unaweza kwenda kuuona. Kilichoanguka ni mlima Toc, mita za ujazo milioni 260 za mwamba zikatumbukia ziwani kwa pamoja, wimbi likaruka juu ya ukuta na kuufuta mji wa Longarone. Walikufa zaidi ya 1900. Kosa lilikuwa kujaza maji kwenye bonde ambalo mlima wake ulikuwa unaonyesha dalili za kusogea.

Grande Dixence ni ukuta wa uzito. Chini una unene wa mita 200, juu mita 15. Umekaa kwa uzito wake mwenyewe, tani milioni 15. Ndani una njia kilomita 32 na vipima vya kamba yenye uzito vinavyosoma ukuta umesogea milimita ngapi ziwa linapojaa na linapopungua. Kuna ziara ya ndani, vaeni sweta.

#23 Bahati_wa_Bukavu

Kwa upande wa Sion watu wanaogopa zaidi bomba kuliko ukuta. Desemba 2000 bomba la chuma linaloshuka Bieudron lilipasuka kule Nendaz. Maji yakachimba mlima, matope yakashuka mpaka kwenye Rhône, watu 3 wakafa. Kituo kikakaa kimya mpaka 2010. Lile anguko la mita 1883 mnalolisifia lina bei yake.

Na bonde la jirani, Bagnes, hata kabla ya zege walikuwa wanakufa kwa maji. Mwaka 1818 barafu ya Giétro iliziba mto, ziwa likajikusanya nyuma yake. Mhandisi Ignaz Venetz akatoboa tundu kwenye barafu kulipunguza, akapunguza sehemu kubwa, lakini tarehe 16 Juni ikapasuka, watu kama 40 wakafa. Leo mahali hapo kuna bwawa la Mauvoisin, mita 250. Wazee wa Bagnes wanasema bwawa limewalinda. Kwa hiyo Mjukuu_wa_Chifu, siyo kila mtu kule anaona ameibiwa.

#24 Mfugaji_Hanang

Jamani mmepita Hérens mkaacha ng'ombe. Wale weusi, wafupi, wenye misuli, ndiyo ng'ombe wa Hérens. Majike wanapigana wenyewe kutafuta nani awe kiongozi wa kundi, na kila mwaka wanapambanishwa uwanjani mpaka apatikane malkia. Mwenye malkia anaheshimiwa bondeni kuliko mwenye hoteli. Mleta uzi umepita hukuwaona?

#25 Mlalo_Juu (mleta uzi)

Mfugaji niliwaona, mmoja amesimama katikati ya lami pale juu ya Mâche na basi la posta likamngoja yeye. Picha nitaweka.

Ndugu zangu nimejifunza mengi. Wakili, swali moja. Kama vibali vinaisha na kila kitu kinarudi kwa vijiji, je hivyo vijiji vitakuwa na uwezo wa kuendesha kitu cha MW 2000?

#26 Wakili_Msomi_TZ

Ndicho wanachobishana sasa hivi. Kuna wanaotaka vijiji vishike kila kitu, kuna wanaotaka mkoa uchukue sehemu, na vijiji visivyo na mto vinauliza kwa nini jirani awe tajiri kwa bahati ya mvua.

#27 Mtera_Mbuyuni

Watarithi nini lakini? Barafu za Uswisi zimepoteza kama asilimia 10 ya ujazo wake kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023. Grande Dixence inakusanya maji ya barafu 35, kwa mahandaki ya kama kilomita 100, mpaka chini ya Matterhorn kule Zermatt wanayasukuma kwa pampu yapande. Sasa hivi maji ni mengi kwa sababu barafu inayeyuka. Ikiisha je?

#28 FundiTurbini

Mtera, theluji ya kila mwaka itabaki kuanguka na mvua itabaki. Itabadilika miezi ya kuingia kwa maji. Ndipo ziwa la kuhifadhi linakuwa na thamani zaidi, siyo pungufu. Ndiyo maana wanapanga bwawa jipya la Gornerli juu ya Zermatt, pale barafu ilipokuwa.

#29 Kilombero_Damu

Kwa hiyo barafu ikiondoka wanaweka ukuta kabla hata nyasi hazijaota. Na huko nako nani atakwenda kuhesabu viumbe?

#30 Siti_Mkunazini

Na watakaojenga watalala wapi.

#31 Mjukuu_wa_Chifu

Wakili, nimesoma sheria uliyoitaja na nakubali kijiji kinalipwa. Bado nasimama pale pale: kulipwa siyo kukubali. Mwaka ule wa kusaini, kijiji maskini kingekataa kingepata nini? Nionyeshe kijiji kilichosema hapana na kikaachwa na mto wake.

#32 Wakili_Msomi_TZ

Vipo mkuu, na siyo Valais. Bonde la Urseren, mkoa wa Uri. Walitaka kuuzamisha mji wa Andermatt na jirani zake chini ya ziwa. Mwaka 1946 wanakijiji wakamvamia mhandisi wa mradi na kumfukuza. Mradi ukafa. Leo Andermatt ipo.

#33 Nyani_Mzee

Na barabara wanazo. Sasa hapo nitafikiria upya, lakini kumbukeni Andermatt palikuwa na jeshi.

#34 Tumaini_K

Wakuu, tunakwenda mwisho wa mwezi wa kumi, mimi na mke wangu, gari la kukodi kutoka Geneva. Njia ya bwawani itakuwa wazi?

#35 Shangazi_Zuhra

Tumaini, gari la kamba linasimama mapema Oktoba, na theluji ikianguka mapema barabara ya juu ya Pralong inafungwa. Angalieni taarifa za barabara za mkoa asubuhi ya safari, mwombe matairi ya baridi mnapokodi. Mkikuta imefungwa, pitieni Euseigne hadi Evolène, vijiji vile vina watu mwaka mzima na barabara inalimwa theluji. Na gia ndogo mnaposhuka.